Kabla ya Kununua Kiwanja Morogoro
Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, kila anayechoshwa na joto na foleni za Dar ananiuliza bei ya viwanja chini ya Uluguru. Ulizeni maji kwanza, ndugu zangu. Msiende kukagua kiwanja Septemba, mto umenywea na dalali anasifia upepo. Nendeni Aprili, masika yamekolea, maji yanashuka mlimani na tope na mawe. Tazameni ukuta wa jirani: alama ya tope imefika dirishani au imeishia kwenye msingi? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, na hilo dalali hatalitaja. Halafu bomba. Mji unategemea sana Bwawa la Mindu, linalolishwa na Mto Ngerengere, na udongo wa miteremko iliyokatwa miti unazidi kulijaza. Muulizeni mama wa nyumba ya pili maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kisha ndipo mzungumze bei.