Umbo la Anwani Halitoshi

Mwanafunzi, ukiulizwa kompyuta inahakiki vipi anwani ya barua pepe, usikimbilie kujibu kwamba inatazama kama kuna alama ya @. Hilo ni jibu la hatua moja tu, tena iliyo nyepesi kuliko zote.

Hatua ziko tatu. Ya kwanza ni kukagua umbo. Anwani ina sehemu mbili zinazotenganishwa na @: jina la mtumiaji, lisilozidi herufi 64, na jina la kikoa. Programu hutazama kama sehemu zote zipo na kama hakuna mkato palipotakiwa nukta. Ya pili ni kukagua kikoa: programu huuliza kwenye mfumo wa majina ya vikoa kama kikoa hicho kipo na kama kina seva ya kupokea barua. Ya tatu ni kutuma ujumbe wenye kiungo au namba ya uthibitisho, kisha kusubiri mwenye anwani aitumie.

Chukua mfano wa asha17@mfano.sc.tz. Asha akikosea akaandika asha71, umbo halina kasoro na kikoa ni kilekile. Hatua mbili za kwanza zitamruhusu apite. Kama asha71 ni mtu mwingine, barua za Asha zitafika kwake, pamoja na kiungo cha kubadilisha nywila. Kama hayupo, Asha atasubiri majibu ya chuo yasiyofika.

Kwa maoni yangu, mfumo wowote wa usajili usiotuma ujumbe wa uthibitisho haujahakiki anwani. Wapo wanaoona dawa ni kukaza masharti ya umbo. Siafikiani nao. Alama ya kujumlisha inaruhusiwa katika jina la mtumiaji, lakini baadhi ya fomu huikataa. Mwenye anwani halali anafungiwa mlango, huku aliyekosea tarakimu akipita.

Kwenye mtihani, taja hatua zote tatu na ueleze kila moja inathibitisha nini. Na siku utakapojaza fomu ya maombi ya chuo, soma anwani yako herufi kwa herufi kabla ya kuituma, kisha fungua barua pepe yako uone kama ujumbe wa uthibitisho umeingia. Usipouona, hata kwenye folda ya barua taka, rudi uikague anwani siku hiyohiyo.