Mlevi Anayetaka Kutubu Aende Wapi?

Kila mwezi wa Ramadhani unapoandama, katika misikiti yetu ya Dodoma huonekana nyuso ambazo miezi mingine hatuzioni. Miongoni mwao wamo ndugu zetu wanaokunywa pombe. Hufunga, husali tarawehe, na wapo wanaolia katika dua. Idi ikipita, wengi hurejea kwenye vilabu vya ujimbi na wanzuki, au kwenye gongo inayouzwa kwa kificho. Nasi tuliobaki katika safu huwa na jibu jepesi: hakuwa mkweli katika toba yake.

Tunaomba jibu hilo tulitazame upya.

Uharamu wa pombe hauna mjadala. Suratul Maida (5:90-91) imeufunga mlango huo, wala hatuandiki ili kuufungua. Lakini tukumbuke namna katazo hilo lilivyoshuka. Kwanza watu walielezwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake (2:219), kisha wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa (4:43), ndipo likaja katazo kamili. Sheria imekwisha kukamilika na hakuna wa kuirudisha nyuma. Hata hivyo, somo linabaki: Mola wetu anaujua uzito wa kuacha.

Madaktari nao wanatueleza kuwa mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukinyimwa ghafla, hutetemeka na kukosa usingizi. Kwa baadhi ya watu huja degedege na kuweweseka kunakoweza kuua. Basi anayekunywa kila siku aanzie hospitali. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo jina lake tumeligeuza kuwa mzaha wa mitaani. Mzaha huo umewazuia wagonjwa wangapi kwenda kutibiwa?

Hospitali huutuliza mwili. Baadaye mtu hurudi Majengo au Chang'ombe, kwa marafiki walewale na njia ileile inayopita mbele ya kilabu. Hapo ndipo anapohitaji wenzake. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waligundua kuwa mlevi humsikiliza mlevi aliyeacha kuliko amsikilizavyo mtu mwingine. Kutokana nao vikaanza vikao vya Alcoholics Anonymous. Havina ada, na sharti lake ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Mtu hutaja jina lake la kwanza na kueleza hali yake, wengine husikiliza bila kumhukumu, na yaliyosemwa hubaki humohumo. Mgeni hupata mwenzake mzoefu wa kumpigia simu pale hamu inapomzidi nguvu.

Wapo watakaosema kuwa jambo hili asili yake si kwetu. Tunawajibu kuwa mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore, Marekani, walianzisha Millati Islami, wakaziweka hatua hizo 12 katika misingi ya dini yetu. Karibu zaidi, Zanzibar tangu mwaka 2009 zimefunguliwa nyumba za upataji nafuu, hasa kwa watumiaji wa heroini, zikiongozwa na watu walioacha wenyewe.

Wengine watauliza, je, huku si kufichua dhambi aliyoisitiri Allah (s.w)? Swali hili ni zito. Mtume (s.a.w) amekemea kutangaza maovu. Lakini Imam Nawawi, katika Al-Adhkar, ameeleza kuwa hakuna ubaya mtu kumweleza anayetarajiwa kumwonyesha njia ya kutoka katika dhambi hiyo. Anayetafuta tiba hafanani na anayejigamba. Asimulie haja yake, asitaje wenzake, wala asiyapambe maovu.

Basi ndugu huyu aende wapi? Aulize hospitalini, au kwa afisa ustawi wa jamii. Vipo pia vikao vya kwa simu, lakini vingi vinaendeshwa kwa lugha za kigeni, na havimfai mkulima wa Kondoa wala mpagazi wa soko la nafaka Kibaigwa. Kwa hiyo tunapendekeza kila msikiti mkubwa utoe chumba kimoja cha madrasa, jioni moja kwa wiki, baada ya Isha. Waongoze wale walioacha kwa miaka. Pasiwe na mawaidha, pasiwe na mchango, wala imamu asiingie ila aombwe. Na anayeonekana akiingia humo asiulizwe na yeyote.

Zama za Mtume (s.a.w) aliletwa mtu aliyekuwa akirudia kunywa, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume (s.a.w) akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilitekelezwa, na udugu haukuvunjwa. Sisi tusio na mamlaka ya kuadhibu tumebakiwa na laana tu, na hiyo ndiyo tuliyokatazwa.

Ramadhani ijayo watakuja tena. Idi ikipita, tuwe na mahali pa kuwaelekeza.

Wabillahi tawfiq.