Wanawake wa Usangi hawakuwa wakitania

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita mji wa Same, milima ya Upare ikiwa mkono wao wa kuume. Hununua cha kutafuna, hunyoosha miguu, safari ikaendelea. Ni wachache miongoni mwao wajuao kwamba katika mji huo, kuanzia Januari 1945, maelfu ya wanaume wa Kipare walipiga kambi kwa zamu kwenye makao ya serikali ya kikoloni ya wilaya, wakidai kodi iliyoitwa mbiru ifutwe. Na hata hao wachache, ukiwauliza wanawake wa Upare walikuwa wapi wakati huo, watakujibu kwa kicheko.

Kicheko hicho ndicho tunachotaka kukizungumzia leo.

Kwanza habari yenyewe. Mbiru ilianzishwa mwaka 1942. Haikuwa kodi ya kichwa iliyo sawa kwa wote, bali kila mlipaji alikadiriwa kwa mali yake. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni kukadiriwa, kwani makadirio yenyewe hayakuaminika. Mwaka ukapita, wanaume wakawa wanashuka Same na kurudi, na kazi za shamba na za nyumba zikabaki mikononi mwa wanawake. Ndipo mwaka 1946 mamia ya wanawake wa Usangi, katika Upare ya Kaskazini ambayo siku hizi ni Wilaya ya Mwanga, walipomkabili mkuu wa wilaya, Mwingereza, kwenye makao ya chifu wao. Walimtaka achague moja: ama alimalize shauri la kodi ili waume zao warudi majumbani, ama awape mimba wao wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaondolea waume. Hali ikachafuka, mawe yakarushwa. Mwaka 1947 mbiru ikafutwa.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mwana wa Upare, aliandika kitabu kizima juu ya mbiru kilichotoka mwaka 1971, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 mtafiti Mmarekani Jean O'Barr akaandika juu ya wanawake wale. Basi hakuna awezaye kusema kwamba habari hii haikuhifadhiwa. Imehifadhiwa vitabuni, barazani imesalia ile sentensi moja ya mimba, nayo husimuliwa kama kichekesho cha kuchangamshia kahawa.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita shuleni hatuoni kichekesho hapo. Mke aliyekosa nafaka na unyumba kwa sababu ya mume kuwa mbali naye ana haki ya kwenda kwa kadhi na kudai hukumu. Hakuna anayemcheka. Wanawake wa Usangi walitoa hoja ya namna hiyohiyo: wewe uliyemshika mume ndiwe unayedaiwa wajibu wa mume. Ni hoja ya sheria na ni hoja ya siasa. Iliielekea dola ya Kiingereza uso kwa uso, miaka 8 kabla TANU haijazaliwa. Wangekuwa ni wanaume waliopata hoja kali namna hiyo, tungekwisha kuifanya wimbo wa mchakamchaka.

Wapo wanaodhani kwamba utetezi wa haki za wanawake ni bidhaa iliyoteremshwa bandarini pamoja na misaada, au kwamba ulianzia Beijing mwaka 1995, katika mkutano ambao Mtanzania mwenzetu Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wake. La hasha. Beijing ilikuta njia imekwisha kulimwa. Visiwani kwenyewe, Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, hakuimba mahaba peke yake. Aliuimba mkasa wa Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka bara akatoroka, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Ndiyo maana Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Waasisi wake, akiwamo Fatma Alloo wa Zanzibar, walijua wanaurithi kutoka kwa nani.

Sasa tuangalie urithi huo tunautumiaje. Katika vichekesho vya redio, vya runinga na vya simu, Mpare ni bahili apendaye kesi. Hilo Wapare wenyewe hulicheka, na hatuna ugomvi nalo, utani ni mila yetu. Lakini mwanamke katika vichekesho hivyohivyo, awe Mpare au Mmakunduchi, ana mlango mmoja tu wa kuingilia: mdomo. Ni mama mkwe mchonganishi, ni mke mgomvi, ni mpambe wa mipasho. Akisema neno la maana, mwongozaji humkatia kicheko cha kubandika. Na jambo hili halibaki studioni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, wasiopungua 3 wakiwa wanawake. Nafasi hizo hujazwa. Anayeketi hapo akanyosha mkono kuuliza shamba la mjane limeuzwaje, husikia nyuma yake sauti ikisema mama huyu ana maneno, na mkutano wote ukacheka, na shamba likabaki limeuzwa. Hatusemi watu waache kucheka. Tunasema wajue kicheko kile kinamfaa nani.

Viongozi wanaosoma ukurasa huu wana la kufanya, nalo halina gharama kubwa. Wizara za Elimu, ya bara na ya visiwani, ziiweke Usangi ya 1946 katika somo la historia kwa urefu unaostahili, hoja ya wanawake ikielezwa kama hoja. TBC na ZBC ziitengenezee mchezo wa redio, na safari hii asiitwe mchekeshaji. Umoja wa Wanawake katika wilaya za Same na Mwanga uwatafute waliobaki. Msichana aliyekuwa na miaka 20 siku ile, kama yu hai, anakaribia miaka 100. Binti zake, waliosikia habari hii jikoni kwa mama yao, nao ni vikongwe sasa. Wajukuu wana simu zenye kunasa sauti. Waambiwe wainase mwaka huu, si mwakani.