Likizo ya ugonjwa si akiba ya kumalizia notisi

Kuna maneno yaliyozoeleka maofisini kiasi kwamba msemaji hahisi tena uzito wake. Mtu ameandika barua ya kuacha kazi, amepata kwingine penye maslahi bora, na amebakiwa na siku 28 za notisi. Rafiki yake anamwambia: "Unahangaika nini? Nenda hospitali kachukue ED, ujipumzikie nyumbani mpaka siku ziishe." Anaporudi nyumbani, mkewe naye analiunga mkono shauri hilo, kwani siku hizo zingefaa kusimamia ujenzi wa uwanjani au kwenda kuwaona wazee. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama anaumwa.

Ndugu zetu katika imani, tumeona tulizungumze jambo hili Ijumaa ya leo kwa sababu linagusa riziki inayoingia majumbani mwetu, na kwa sababu makosa yake yako pande mbili. Wapo wanaojitia ugonjwa ili wasimalize notisi. Na wapo wanaougua kweli ndani ya notisi, wakahesabiwa waongo kwa sababu ya hao wa kwanza. Kundi hili la pili ndilo linalotuuma zaidi, nalo tutalirejea.

Kwanza tuijue sheria. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Kwa Tanzania Bara mambo haya yamo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishauvuka mwezi wa kwanza wa ajira, notisi yake haipungui siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila uwe sawa kwa mwajiri na mfanyakazi. Ama kuhusu ugonjwa, sheria hiyo imempa mfanyakazi likizo ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara, kwa sharti kwamba alete cheti cha daktari. Asiyefikisha miezi sita kazini kwa kawaida hana haki hiyo ya malipo. Lakini hakuna mahali sheria iliposema kwamba aliyetoa notisi amepoteza ruhusa ya kuugua. Mkataba wa ajira u hai mpaka siku yake ya mwisho, na haki zilizomo ndani yake zi hai pamoja nao.

Majirani zetu wa Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, wamewekewa kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Mwenye kulinganisha ataona jinsi sheria yetu ilivyo karimu. Tunachelea kusema kwamba ukarimu huo ndio uliowapotosha baadhi ya watu.

Maana asili ya tatizo, kwa maoni yetu, si uvivu. Wengi wanaofanya hivi ni watu waliochapa kazi kwa miaka. Tatizo ni hesabu. Siku za likizo ya mwaka ambazo mtu hakuzichukua hulipwa fedha anapoondoka kazini. Za ugonjwa hazilipwi. Basi mtu hukaa akapiga hesabu: "Miaka mitatu sijalala kitandani hata siku moja, na siku zangu 126 zinakwenda bure!" Ameshaziona kuwa ni mali yake, kama fedha alizoziweka benki, na sasa benki inafungwa. Akishafika hapo, kwenda kwa daktari na kulalamikia mgongo hakumsuti nafsi tena. Anaona anadai chake.

Hapo ndipo alipoteleza, na Muislamu ndiye asiyepaswa kuteleza hapo, kwa sababu anaifahamu rukhsa tangu chuoni. Mwenyezi Mungu, katika Surat al-Baqara, amemruhusu mgonjwa asifunge Ramadhani, kisha azilipe siku hizo baadaye. Ameruhusu kutayamamu kwa anayedhuriwa na maji. Anayeshindwa kusimama husali ameketi. Je, msomaji, umepata kumsikia mtu mwenye afya akisema: "Miaka ishirini nimefunga bila kuitumia rukhsa ya ugonjwa, basi mwaka huu nitakula mchana ili haki yangu isipotee"? Tungemshangaa, na pengine tungemwombea. Rukhsa hufunguliwa na udhuru, na udhuru usipokuwapo, rukhsa haipo. Haikusanywi, haipunguzwi wala haidaiwi. Likizo ya ugonjwa ni ya namna hiyohiyo. Zile siku 126 ni mwisho wa msaada kwa aliyepatwa. Ambaye hakupatwa hakudhulumiwa kitu. Amepewa afya, na hiyo haina bei.

Katika Qur'ani tukufu kuna kisa cha ajira tunachokisoma mara nyingi bila kukitazama kwa jicho hili. Nabii Musa (a.s.) alikimbia Misri akafika Madyan, akawanywesheza mifugo mabinti wawili waliokuwa wamezuilika kisimani. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, na hoja yake ilikuwa kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye mwaminifu. Mzee yule akaweka sharti: kumtumikia miaka minane, na Musa akitimiza kumi, hiyo itakuwa hiari yake. Yote hayo yamo katika Surat al-Qasas. Imamu Bukhari amepokea kwamba Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa ni muda upi Musa aliutimiza, alijibu kuwa alitimiza ule uliokuwa mrefu na bora zaidi. Naye alikuwa na safari mbele yake. Alipomaliza muda ndipo akaondoka na watu wake. Miaka miwili isiyomlazimu, na sisi tunalemewa na siku 28 tulizozitia saini wenyewe!

Mwingine atasema: kampuni ni tajiri, haitaumia kwa wiki nne. Tusilitazame jengo la kampuni, tuwatazame watu. Mtunza ghala aliyejitia ugonjwa hakabidhi. Hakuna aliyehesabu naye magunia, hakuna aliyemwonyesha mrithi wake ni mzigo upi ulitoka bila hati na upi ulirudishwa. Miezi miwili baadaye upungufu unajitokeza, na aliyeshika funguo sasa ni kijana mgeni aliyeanza kazi juzi. Atakatwa mshahara yeye, au atafukuzwa yeye. Mwalimu wa shule binafsi anayetoweka Oktoba kwa cheti cha uongo anawaacha watoto wa kidato cha nne mwezi mmoja kabla ya mtihani wao wa Novemba. Muuguzi asiyeonekana zamu ya usiku, mwenzake hubeba wodi mbili. Hawa si matajiri. Na mara nyingi mwenzako uliyemwachia mzigo ni yule uliyekuwa ukila naye chakula cha mchana kwa mama lishe.

Surat al-Mutaffifin imewaonya wale ambao wakipokea kwa wengine hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Sisi hatuoni kwa nini kipimo hicho kiishie dukani. Mwenye kudai mshahara wa siku 28 kamili, akatoa kazi ya siku nne, amepunja. Na madaktari wanaoandika ED kwa fedha ya soda, pasipo hata kumpima mtu joto, nao wamo. Cheti ni ushahidi, na ushahidi wa uongo haufanywi mdogo na udogo wa malipo yake. Asiyetaka kabisa kuitumikia notisi anayo njia ya wazi: amweleze mwajiri, wapatane juu ya siku na fedha. Sheria imeshasema kwamba mfanyakazi akikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi ambacho angelipwa kwa kipindi hicho. Ni hasara ya mfukoni, lakini ni hasara safi.

Sasa turejee kwa wagonjwa wa kweli.

Tuseme kuna mama ambaye ni karani katika ofisi fulani. Ametoa notisi. Wiki ya pili shinikizo la damu linampanda, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Daktari anamwandikia siku saba. Mama huyo anakikunja cheti anakitia mkobani, na kesho yake anakwenda kazini. Kwa nini? Kwa sababu anajua kitakachosemwa. Bosi atatabasamu upande mmoja wa mdomo na kuuliza: "Hivi sasa ndiyo umeumwa, baada ya barua?" Wenzake watakonyezana. Na huko anakokwenda, mwajiri mpya akipiga simu kuuliza habari zake, ataambiwa kwamba alimalizia kazi kwa visingizio. Hivyo anavumilia. Wako waliovumilia hivyo wakaanguka, na kupooza upande mmoja kwa sababu ya shinikizo la damu hakungoji notisi iishe.

Tena tukumbuke kwamba notisi yenyewe inaweza kumletea mtu maradhi. Siku ya barua huwa mfanyakazi anayeheshimika, na siku ya pili amekuwa mgeni. Hasalimiwi, meza yake imepewa mtu mwingine, faili zake zinapekuliwa kana kwamba ameiba, anapewa kazi za kumdhalilisha ili aone uchungu wa kuondoka. Usingizi unapotea. Tumbo linakataa chakula. Ugonjwa huo hauna bandeji ya kuonyesha watu, lakini ni ugonjwa, na daktari mwenye kuujua ataupa jina lake. Mwajiri aliyeusababisha ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuucheka.

Kwa mama yule na mfano wake tunasema: pumzika. Mtume (s.a.w.) alihimiza watu kutafuta matibabu, na katika hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), iliyomo katika Sahihi Bukhari, amefundisha kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Ikiwa Mola hampunguzii mgonjwa hesabu, mwajiri ni nani hata amwonee haya kumpa siku saba? Mwenye kuugua kwa kweli hapunji. Cheti chake ni haki, na mshahara wake wa siku hizo ni halali isiyo na doa.

Na hapa kuna jambo la sheria ambalo waajiri na waajiriwa wengi hulipita. Sheria ile ya 2004 imeagiza kwamba notisi isitolewe mtu akiwa katika likizo iliyowekwa na sheria hiyo, wala isiende sambamba na likizo hiyo. Likizo ya ugonjwa ni mojawapo. Kwa jinsi tunavyoyasoma maneno hayo, siku za kitandani na siku za notisi hazipaswi kuhesabiwa pamoja. Tazama basi lilivyo ajabu: yule anayejitia ugonjwa ili notisi iishe haraka anajiongezea siku. Ama mgonjwa wa kweli aliyepangiwa tarehe ya kuanza kazi mpya, asikae kimya akidhani mambo yatajipanga. Akipata nafuu, au kwa kumtuma ndugu, awasiliane na mwajiri waandikiane tarehe ya mwisho. Mwajiri muungwana ataiacha ile ya awali, na kwa kweli wengi hufanya hivyo, kwani naye hafaidiki na mtu anayetetemeka mezani.

Waajiri Waislamu, na wamo wengi katika wasomaji wetu, wenye maduka, viwanda vidogo, shule na magari ya mizigo, wasidhani kwamba makala hii imewaandikia wafanyakazi peke yao. Kumshuku kila mwenye cheti ni dhana mbaya. Mkiwa na shaka, sheria inawapa njia. Cheti kinatakiwa kiwe cha daktari aliyesajiliwa, au mwingine mliyemkubali, na usajili wa daktari unaweza kuulizwa. Ulizeni hospitali kama cheti kimetoka kwao. Msiulize ugonjwa wenyewe kwa undani, hiyo ni sitara ya mtu. Mkiona cheti ni sahihi, lipeni. Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba miongoni mwa watakaokuwa na Mwenyezi Mungu kama hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Na ujira wa mfanyakazi unaingia mshahara wa siku zake za ugonjwa, malipo ya likizo ya mwaka aliyokuwa amebakisha, na hati yake ya utumishi, ambayo haizuiliwi kwa hasira.

Kwa upande wa nyumbani, mume akisema hajisikii vizuri katika siku hizo, mkewe na amwulize anaumwa wapi, na amsindikize hospitali badala ya kumsindikiza uwanjani kwenye tofali. Na mke akiwa ndiye mgonjwa, mume asimhimize "jikaze, zimebaki siku chache tu" kwa kuhofia maneno ya bosi wake.

Mwenye kunyimwa mshahara wa siku za ugonjwa alizothibitisha kwa cheti, atunze nakala ya cheti hicho pamoja na barua yake ya notisi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akishindwa kuelewana na mwajiri kwa mazungumzo, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akajaze Fomu Namba 1. Madai ya namna hii hupelekwa ndani ya siku 60, na mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Asingoje mpaka apone kabisa, kwani siku hizo hazimngoji.