MTOTO HASUBIRI CHEO



Uko ugonjwa mmoja katika hospitali zetu ambao haukuandikwa katika kitabu chochote cha dawa. Jina lake ni “Msubiri Daktari”. Ugonjwa huu hauwapati wakubwa. Wawapata watoto wa wakulima wa pamba wa Shinyanga na watoto wa wachimbaji wa dhahabu wa Geita.

Mama anatoka machimboni Nyarugusu usiku, mtoto ana degedege mgongoni. Akifika, wa kwanza kumpokea ni muuguzi. Muuguzi huyo amesoma, ana macho, ana mikono. Lakini mara nyingi desturi yamwambia: andika jina, tafuta faili, ngoja bwana mkubwa aje. Na bwana mkubwa ni mmoja, wagonjwa ni mia.

Haya si mambo madogo kwetu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria katika asilimia 17 ya watoto wadogo wa Mkoa wa Geita, hali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Malaria kali humaliza sukari na damu mwilini. Mtoto wa namna hiyo hana saa mbili za kukaa bencini.

Twadai nini? Twadai muuguzi apewe mwongozo ulioandikwa, na amri ya kuutumia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo yake mwaka 2005, likayatengeneza upya mwaka 2016. Hatua zake zaeleweka: Je, mtoto anapumua? Mikono ni baridi? Amezimia, au ana degedege? Kuhara kumemkausha? Ikionekana dalili moja tu, hakuna foleni. Muuguzi ampe oksijeni, apime tone la damu, ampe glukosi ikiwa sukari imeshuka, na dawa ya kuzuia degedege, huku mwenzake akimwita daktari.

Jirani zetu wa Malawi walipopanga upya mapokezi ya watoto katika hospitali kuu ya Blantyre, wapangaji wakapewa kazi ya kuchagua walio mahututi mara wafikapo, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Ripoti hiyo ilitolewa mwaka 2006. Tunangoja nini?

Wako wasemao, “Muuguzi atakosea, ataua.” Twawauliza: cheo kilizuia makosa lini? Kwa miaka mingi wataalamu wakubwa wa dunia walifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri ajazwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Mwaka 2011 utafiti wa watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, Muheza ikiwamo, ulionyesha kwamba waliojazwa walikufa asilimia 10.5 katika saa 48, na wasiojazwa asilimia 7.3. Basi kinachomlinda mtoto ni ukweli uliopimwa, ukaandikwa, ukafuatwa na wote, daktari na muuguzi sawasawa.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulikuwa na madaktari wananchi 12 tu. Kama tungesema kila mgonjwa amngoje daktari, vijiji vingekwisha. Mchimbaji aliye ndani ya duara, akisikia nguzo zinalia, hamngoji msimamizi ndipo apige kelele. Mwalimu akiona darasa linawaka moto, hamwandikii barua Mthibiti Ubora wa Shule.

Lakini tusidanganyane. Karatasi ukutani haimponyi mtoto. Mwongozo bila oksijeni, bila glukosi, bila kipimo cha sukari, ni kumtwisha muuguzi lawama. Na asitokee mjanja wa kusema, “Sasa wauguzi wanatosha, madaktari wa nini?” Twataka wote wawili. Tena muuguzi aliyefuata mwongozo sharti sheria imlinde, na mshahara wake ulingane na mzigo.

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Ardhi itoayo dhahabu haiwezi kukosa mtungi wa oksijeni kwa mtoto aliyezaliwa juu yake.

Wananchi wa Kahama, Maganzo, Geita na Nyang'hwale! Katika mkutano wa kijiji na kwa diwani wako, uliza maswali matatu: Muuguzi wetu ana mwongozo? Ana dawa mkononi? Ana ruhusa? Usiondoke mpaka ujibiwe.