Kisu cha Idd Kinolewe Kabla ya Idd



Katika kaya nyingi za Guta, wilayani Bunda, kisu cha nyumbani ni kisu cha samaki. Mwaka mzima huparua magamba ya sato na kupasua sangara, kisha husuguliwa juu ya jiwe au kizingiti cha saruji. Samaki ni halali bila kuchinjwa, hivyo ubutu wa kisu haumdhuru. Mtihani huja siku ya Idd el-Adh'ha, kisu hichohicho kinapowekwa shingoni mwa mbuzi.

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe, na mnyama asiteswe. Koromeo, umio na mishipa miwili ya shingo inapasa vikatike upesi. Kisu butu huburuza ngozi na kurefusha maumivu, na mchinjaji ndiye mwenye dhamana.

Njia rahisi ya kunoa ni msasa wa maji, unaopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Namba iliyo mgongoni ikiwa kubwa, chembe ni laini zaidi. Kwa kisu butu anza na 400, endelea na 1000, malizia na 2000.

Usiukate msasa kwa mkasi wa kushonea, kwani chembe zitakula makali yake. Laza karatasi, chembe zikiwa chini. Weka rula mgongoni, kisha pitisha wembe mkuukuu. Karatasi ya kawaida ina sentimita 23 kwa 28. Ukigawa ule upande wa 28 mara nne, utapata vipande vinne vya sentimita 7 kwa 23.

Lowesha kipande, kilaze juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka, maji yatakishikilia. Kisizidi ukingo, maana pembe inayoning'inia huchanwa na kisu. Inua mgongo wa kisu kiasi cha robo ya pembe mraba, kisha kivute mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Makali yakitangulia yatachana msasa. Endelea mpaka upande wa pili ujitokeze kijipindo chembamba cha chuma kuanzia shinani hadi nchani, ndipo ugeuze. Kwenye msasa laini punguza nguvu ya mkono mpaka kijipindo kiondoke. Mwisho, osha kisu vizuri ili vumbi la chuma lisiingie katika nyama.

Ndugu msomaji, fanya kazi hii usiku wa kuamkia Idd, kijana wako akiwa kando yako, mbali na zizi. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimkemea mtu aliyenoa kisu huku mnyama akimtazama. Wahenga nao walisema: kinolewacho hupata. Kijana akijifunza kunoa kabla ya kujifunza kuchinja, atakuwa amejifunza huruma kwanza.

Allah atuwafikishe. Amin.