RAMANI YA UBONGO ISIAMINIWE UPESI

Nyanya yangu hunisahau jina, na majirani husema eti karogwa. La hasha! Ni ugonjwa wa ubongo, kama ule alioueleza daktari Alois Alzheimer mwaka wa 1906.

Siku hizi wataalamu huupiga ubongo picha kwa mashine ya sumaku, kisha huchora vituo vyake na njia zinazoviunganisha. Lakini mgonjwa akitikisa kichwa mle ndani, njia ndefu huonekana zimefifia, kumbe pengine ni nzima. Wakibadilisha idadi ya vituo, ramani nayo hubadilika!

Maoni yangu ni kwamba apigwe picha mara mbili, ramani zilinganishwe. Mwenda pole hajikwai. Nyanya keshahukumiwa na majirani; asihukumiwe tena na ramani.